Hesabuni Fotokopi

Wengi mmenisumbua kwa meseji mkitaka yale niliyosema Jumamosi pale ukumbi wa Tononoka, hapa Mombasa, juu ya dijitali kwenye ofisi za umma, basi nimekaa nikayaandika kama yalivyotoka mdomoni, sikuyapiga pasi. Salamu nimezikata maana zilikuwa ndefu, na yule bwana aliyekuwa anaita gari imefunga njia nje naye nimemtoa.

Asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo nyote. Bwana mwenyekiti, maafisa wa kaunti, maafisa wa serikali kuu mlioshuka kutoka Nairobi na hili joto letu, wazee wangu wa mitaa, kina mama, na nyie wanangu mliojibana kule karibu na feni, nawaona.

Mie nimefanya kazi ya umma miaka 31. Si kazi kubwa. Nilikuwa karani wa masjala, kazi yangu kutafuta faili. Mtu akija naambiwa namba, naingia ndani, natoka na faili ama natoka mikono mitupu. Na faili likikosekana sababu zilikuwa mbili tu, ama limepotea ama limepotezwa, na lililopotezwa lilijua kurudi lenyewe mtu akishanunua chai. Nayasema haya mwanzo kabisa ili asije mtu akasema bibi huyu anatamani ya zamani. Siyatamani. Ile karatasi iliwatesa watu, na mie nilikuwa mmoja wa mikono yake.

Nimeambiwa nizungumze vile maafisa wetu wanavyoiona hii teknolojia ya dijitali, kama kweli itazifanya ofisi za umma ziende mbio na ziache kumwaga pesa. Haya, nimewasikiliza. Tangu nistaafu kazi yangu ni redio na mikutano yenye sambusa. Na nilichoona ni kuwa kila afisa anaiona dijitali kutoka kwa kiti alichokalia.

Aliye juu anaona pesa na kasi. Juni 30, 2023 Rais Ruto alizindua Gava Mkononi, yaani serikali kwa simu yako, huduma zaidi ya 5,000 zikatajwa kuwa ziko kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na amri ikawa malipo yote ya serikali kuu yapitie namba moja ya 222222, zile paybill zingine, namba za kulipia kwa simu za kila idara, zifungwe. Hoja yake ni nyepesi kuielewa hata kwa mtu wa masjala, kwamba shilingi ikipita mikono saba haifiki yote. Hilo ni kweli jamani, mie siwezi kulipinga, mikono mingine nilikuwa nakaa nayo meza moja. Majirani zetu Tanzania wana mfumo wao wa malipo ya serikali tangu 2017, ule wa kontrol namba, kila malipo na namba yake, mtu wa Tanga anajua kabisa huwezi kumpa karani noti mkononi ukaita hayo ni malipo ya serikali. Kwa hiyo kwa upande wa pesa wakubwa wana haki yao na tusiwanyime.

Lakini mwezi haujaisha tangu uzinduzi, Julai hiyohiyo ya 2023, eCitizen ikapigwa na wavamizi wa mtandao. Kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kikasema ni sisi, njia ikajazwa maombi ya uongo mpaka wenye shida ya kweli wakakosa pa kupita, na serikali ikabidi itangaze kuwa wageni waliokuwa waombe viza kwa mtandao wapewe viza wakishatua. Yaani tulirudi kwa mhuri na kidau cha wino, na mhuri ukafanya kazi. Tangu siku hiyo nikimsikia afisa anasema tumefunga kaunta zote kila kitu kiko onlaini, mie nauliza siku sistimu ikilala mgeni mumemuwekea mlango gani.

Wakaguzi nao wanaona kitu kingine. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi Nancy Gathungu, ofisi yake imeuliza juu ya eCitizen swali ambalo hata mwenye duka la rejareja angeuliza, huu mfumo ufunguo wake yuko nao nani, serikali au waliouunda? Na majaji wanaona sheria. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ile amri ya wazazi kulipa karo kupitia eCitizen haikufuata katiba, na zile shilingi 50 za kila malipo nazo zikaguswa kwamba hazina msingi wa sheria. Shilingi 50 mtaona ni ndogo. Kwa mama anayeuza viazi karai pale Mwembe Tayari ile ni faida ya sahani nzima.

Hao wote nimewapitia mbio kwa sababu mnawasikia kwa habari kila siku. Nataka kukaa kidogo na mtu ambaye haitwi kwa habari. Karani.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu tuliletewa kompyuta. Mkubwa wetu mmoja, simtaji, alikuja na mpiga picha, tukapigwa picha na kompyuta. Ile mashine ikawekewa kitambaa cha kufuma juu kama redio ya bibi, na kazi ikaendelea kwa faili. Wale wa juu wakaandika makarani wanapinga mabadiliko, wavivu, wanaogopa kukosa chai yao. Wapo wa hivyo, sikatai. Mwenye chai yake alijua kabisa sistimu inakumbuka, faili huwezi kuliuliza nani alikufungua saa nane mchana lakini kompyuta inajua jina na dakika.

Ila wengi wetu hatukuogopa hilo. Tuliogopa kuachwa peke yetu. Sikiliza, mie nikitoa huduma kwa kusoma skrini tu, mwaka unaofuata anakuja mkaguzi, ananiambia nionyeshe. Nionyeshe nini, nilisoma kwa skrini. Ananiambia niletee karatasi. Kwa hiyo karani mwenye akili yake, mwenye watoto wa shule, anamwambia mwananchi lete fotokopi ya kitambulisho, lete fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, lete na orijino nione, kisha anaiprinti na ile fomu uliyojaza onlaini, anazitia zote kwa faili, analifunga kwa uzi. Fotokopi ni ngao ya karani. Hamkuiondoa ngao, mlimpa tu mashine ya pili ya kubeba.

Na sheria wala haikatai. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za elektroniki tangu mabadiliko ya 2009, na 2020 sheria ikaja kuzipa nguvu zaidi sahihi za elektroniki. Kinachokosekana ni barua moja ya mkubwa, ukurasa mmoja, imesainiwa, inasema kilicho kwa sistimu kinatosha na mkaguzi akiuliza aniulize mie. Nimekaa miaka 31 sikuiona barua hiyo.

Sasa kuna ofisi moja, nayo siitaji, shangazi yangu alienda kufuatilia haki yake ndogo ya marehemu mumewe. Shangazi anaitwa Fatma. Kitambulisho kimeandikwa Fatma. Cheti cha ndoa kimeandikwa Fatuma, maana aliyeandika alisikia hivyo akaandika hivyo, sisi watu wa pwani mnatujua, Fatma Fatuma, Saleh Swaleh, Mwanaisha Mwanaasha, ni yuleyule. Zamani mie karani ningemtazama usoni, ningemuuliza nyumba yenu ni ipi, mtaa gani, ningeandika pembeni ni mtu mmoja, nikasaini. Kompyuta haina pembeni. Herufi moja ya u ilimchukua shangazi miezi mitano, hati ya kiapo kwa wakili, barua ya chifu, fotokopi kumi na moja nimezihesabu mwenyewe, na kila alipofika aliambiwa mama, sistimu inakataa. Kama sistimu ni mtu! Nilimuuliza kijana wa pale, mwanangu, nani anaweza kuiambia ikubali? Akanionyesha juu kwa kidole. Nikadhani anamaanisha Mungu, kumbe anamaanisha Nairobi.

(Hapa watu walicheka sana, wale wageni wetu wa Nairobi pia walicheka, nawashukuru.)

Ndo nasema, kasi ya nani? Ukiingia ile ofisi utaambiwa ombi sasa linashughulikiwa siku tatu badala ya wiki tatu, na si uongo, kutoka sistimu ilipokubali mpaka barua kutoka ni siku tatu. Ile miezi mitano ya shangazi haimo, kwa sababu saa yao inaanza kuhesabu pale ombi linapoingia. Foleni haikuisha, imehama. Imetoka kwa korido ya ofisi ikaenda kwa saiba, vile vibanda vya kompyuta za kulipia, ikaenda kwa chifu, ikaenda kwa wakili, na huko hakuna afisa anayeiona akaitia kwa ripoti.

Na kwa vile nimetaja saiba. Maafisa hupenda kusema Wakenya ni watu wa dijitali, tazama M-Pesa. Kweli, M-Pesa tangu Machi 2007, bibi wa Mtongwe anatuma pesa kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Lakini mnasahau M-Pesa ilikuja na mtu. Ejenti alikuwa pale dukani kwake, unamjua, anakujua, ukikosea unarudi kumgombeza. Gava Mkononi mtu wake ni nani? Ni kijana wa saiba. Hamkumuajiri, hamkumfunza, hamumlipi, na ndiye ofisi ya serikali kwa nusu ya mtaa wetu. Nilienda kwake na mjukuu wangu kwa mambo ya cheti, akafungua droo akatoa daftari la kurasa mia mbili, limejaa majina, namba za vitambulisho, na paswadi. Mtaa mzima, kwa kalamu ya bluu. Nikamuuliza hizi za nini, akanijibu kwa adabu kabisa, bibi, wanazisahau, wakirudi wanagombana na mie, bora nizishike. Na wasio na simu zao ameandikisha laini yake, zile namba za siri za kuthibitisha zinaingia kwake.

Sasa tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, tuna na kamishna wake, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliusimamisha mpango wa kadi za Huduma, vile vitambulisho vipya vya dijitali, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa data za watu kama sheria inavyotaka. Mambo makubwa ya mawakili wenye wigi. Na daftari liko kwa droo, droo haina kufuli. Mie simlaumu yule kijana hata kidogo. Amejaza shimo mliloliacha.

Lingine dogo, nalisema nikipita. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Fomu nyingi ukizifungua zinakupokea kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani. Hapa Mombasa! Mtu anamlipa kijana wa saiba amtafsirie serikali yake.

Na vidole. Tukienda kila mahali kidole, kidole. Baba aliyepara samaki miaka arobaini, mama aliyekuna nazi na kufua nguo za watu maisha yake yote, kile kidole kimeshalika, mashine inakataa, inakataa tena, anafutwa kwa kitambaa, anaambiwa paka mafuta. Mtu amechakaa kwa kazi kisha anaambiwa hatambuliki. Mkiwa mnanunua zile mashine ulizeni hilo kabla ya kusaini, mpango wa pili ni upi kidole kikikataa.

Mtaniuliza basi wewe bibi unataka nini, maana umelalamika vya kutosha. Nakuja.

Palipo na funzo ni hapo chini kwetu, bandari ya Kilindini. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa kliaringi, wa kuwatolea watu mizigo bandarini, na kazi ile ilikuwa ni miguu. Kontena moja ya vigae, karatasi zake ziende forodha, ziende bandari, ziende kwa watu wa viwango, kwa watu wa afya, kwa kampuni ya meli, na kila dirisha linataka seti yake na mhuri wake, na dirisha la tatu halikugusi mpaka lione mhuri wa dirisha la pili. Alikuwa anamaliza viatu viwili kwa mwaka. Mwaka 2005 forodha wakaleta mfumo wa Simba. Wachache wanajua mfumo ule asili yake ni Senegal, kwao waliuita Gainde, ambalo kwa Kiwolof ni hivyohivyo, simba, kwa hiyo tuliazima mashine tukalitafsiri na jina, na mie hilo nalipenda, Mwafrika kumuazima Mwafrika. Nilikuwa namtania asubuhi, simba kaamka leo? 2008 bandari wakaingiza KWATOS yao ya kufuatilia makontena. Kwa hiyo kompyuta zilikuwepo, kila mtu na yake, na mume wangu bado anatembea! Maana Simba hakuwa na neno na dirisha la viwango, na dirisha la viwango halina neno na dirisha la afya.

Kilichobadilisha ni baadaye. KenTrade, shirika la serikali la kurahisisha biashara na nje, iliundwa 2011, na mwaka 2014 likazinduliwa dirisha moja la kielektroniki, unawasilisha hati mara moja, taasisi zote zinaisoma hapohapo. Na mwaka huohuo wakubwa wa taasisi zile na wafanyabiashara wakasaini mkataba wa jumuiya ya bandari, kila mmoja akaahidi mbele ya mwenzake atafanya lipi kwa muda gani. Mie sisemi bandarini sasa ni asali, kamuulize dereva wa trela aliyelala Kibarani. Lakini angalieni ni nini kilichokuwa kigumu. Si mashine. Kigumu kilikuwa kumfanya mkubwa wa ofisi moja akubali kusoma karatasi iliyopokelewa na ofisi ya mwenzake bila kudai ya kwake.

Wenzetu wa Estonia, nchi ndogo sana ya Ulaya, walianza mwaka 2001 na mfumo unaoitwa X-Road, unaounganisha hifadhi za data za serikali zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Na sheria yao inakataza ofisi kuanzisha hifadhi mpya ya kukusanya data ambayo ofisi nyingine tayari inayo. Nao walipigwa na wavamizi wa mtandao, 2007, wakayumba, hawakurudi kwa faili. Sasa hapa mtu asininukuu vibaya, Estonia nzima watu wake ni kama milioni moja na laki tatu, ni kama kaunti yetu hii, haina tofauti kubwa, kwa hiyo mie siwaambii Kenya iwe Estonia. Nawaambia kaunti moja yaweza.

Ombi langu ni moja. Ripoti zenu za kila robo mwaka mnaandika huduma ngapi zimewekwa onlaini, pesa ngapi zimekusanywa, siku ngapi zimepungua. Ongezeni mstari mmoja tu. Kwa kila huduma, mwananchi aliombwa fotokopi ngapi za kitu ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyompa? Kitambulisho mlikitoa nyie. Cheti cha kuzaliwa mlikitoa nyie. Cheti cha kifo cha mume wa shangazi mlikitoa nyie, tena mkamtoza. Mkimuomba fotokopi mnamfanya tarishi kati ya ofisi yenu na ofisi yenu. Hesabuni. Msianze na huduma 5,000, anzeni na kumi ambazo watu wa hapa wanazililia, vibali vya biashara, vyeti, mambo ya marehemu na warithi, haya ndo yanayowaleta watu mjini na nauli. Hesabu ikiwa sita mwezi huu, baada ya miezi mitatu iwe nne. Haihitaji tenda. Haihitaji mtaalamu wa kutoka nje. Mpeni karani mmoja na kalamu akae mlangoni wiki moja, akitoka mtu amuulize, mama, umeombwa ngapi?

Na pale ambapo hesabu haishuki ndipo mtamjua mkubwa gani hataki kusoma karatasi ya mwenzake, maana atalazimika kusema kwa mdomo wake kwa nini.

Kifungu cha 232 cha Katiba kimetaja matumizi ya rasilimali kwa ufanisi na utoaji huduma kwa haraka na usawa. Haraka na usawa vimekaa pamoja. Mkitoa haraka kwa mwenye simu janja na Kiingereza mkamwacha Fatma na u yake, mmefanya nusu ya kifungu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeona. Hii hotuba nayo nilipofika mlangoni niliombwa fotokopi ya kitambulisho ndo nilipwe nauli ya kuja, nami ni mzungumzaji, jina langu liko kwa bango. Nimeitoa, hii hapa moja, na nyingine nimeibakisha kwa mkoba maana najua mtanidai kwa chakula. Haya yule kijana wa feni amenyoosha mkono tangu nilipotaja Nairobi, mpeni maiki, karibu baba.